Msafiri Maskini, Ajapokuwa Sultani: Kicheko Katika Vitabu vya Safari

Wazee wa pwani walisema: msafiri maskini, ajapokuwa sultani. Methali hii aghalabu hufasiriwa kuwa ni wosia wa ukarimu. Mgeni aonewe huruma, apewe maji na pa kulala, kwani huko atokako huenda ni mtu mwenye cheo, lakini hapa alipo hana amjuaye. Fasiri hiyo ni sahihi, ila ndani ya methali mna jambo la pili, nalo ni kichekesho. Yule aliyekuwa akibebewa mwavuli kwao, sasa anaulizia njia kwa mtoto wa miaka sita. Bei ya chungwa haijui. Akitamka neno watu huangua kicheko, naye hajui wanachokicheka. Safari humvua mtu cheo chake kabla mwenyewe hajatambua kuwa amevuliwa. Katika pengo hilo, baina ya vile msafiri anavyojidhania na vile wenyeji wanavyomwona, ndipo ilipozaliwa fasihi ya safari yenye kuchekesha.

Fasihi hiyo ni kongwe. Horace, mshairi wa Kirumi, alisafiri kutoka Roma kwenda Brundisium pamoja na wakubwa waliokuwa na shughuli nzito za dola. Alipoitungia mashairi safari hiyo hakuzieleza shughuli za dola. Alieleza mbu, vyura waliomnyima usingizi, na maji mabaya yaliyomharibu tumbo. Katika karne ya pili baada ya Nabii Isa, Lucian wa Samosata aliandika kwa Kiyunani safari ya kupanda mpaka mwezini, akamtahadharisha msomaji tangu mwanzo kwamba hayo yote ni uwongo mtupu. Alikuwa akiwacheka wanahistoria na mabaharia walioandika uwongo kama huo bila ya kutahadharisha mtu. Mwanzoni mwa karne ya 12, al-Hariri wa Basra alikamilisha Maqamat zake 50, ambazo wanafunzi wa Kiarabu wamezisoma kwa karne nyingi. Humo msimulizi huenda mji baada ya mji, na kila afikapo hukutana na laghai yule yule, Abu Zayd wa Saruj, amebadilisha nguo tu na ulimi wake ni ule ule. Huko Uingereza, Tobias Smollett alitoa mwaka 1766 kitabu cha safari za Ufaransa na Italia kilichojaa manung'uniko. Miaka miwili baadaye Laurence Sterne akamjibu kwa kitabu chake cha safari, akamtia humo Smollett kwa jina la kejeli, mtu apitaye nchi nzima asione ila ubaya.

Ukiwatazama wote hao utaona kuwa wana adui mmoja, naye ni msafiri asiyekosea. Huyu amejaa katika vitabu. Kila mlima aliuona, kila mfalme alimkaribisha, kila hatari aliishinda, na hakupata hata siku moja kupanda chombo kilichokuwa kikienda siko. Msomaji aliyebaki nyumbani humsoma kwa unyonge, kwani kila ukurasa humkumbusha kwamba yeye hakwenda, na kwa kutokwenda amekosa dunia. Mwandishi mcheshi huja kumlipia kisasi msomaji huyo. Humwambia kwamba kitanda kilikuwa na kunguni, kwamba sanamu iliyosifiwa sana ilikuwa imefifia, na kwamba aliyekwenda alirudi na ujinga wake pamoja na deni. Hii ndiyo raha ya kwanza ya vitabu hivi. Raha ya pili ni ya ndani zaidi: msomaji humwamini mtu anayekiri aibu yake, na akishamwamini katika habari ya kunguni, atamwamini pia siku atakaposema kwamba ameona kitu kizuri.

Hakuna aliyelifahamu jambo hili kuliko Samuel Clemens, aliyezaliwa mwaka 1835 katika jimbo la Missouri, Marekani. Baba yake alifariki mwaka 1847, na baada ya muda si mrefu mtoto akaacha skuli akaingia katika kazi ya kupanga herufi mitamboni. Elimu yake nyingine aliiokota mwenyewe katika magazeti na vitabu vya watu. Mwaka 1859 alipata cheti cha urubani wa meli za moshi katika mto Mississippi, na kutokana na kazi hiyo alilipata, mwaka 1863, jina la uandishi linalojulikana duniani: Mark Twain. Jina hilo ni mwito wa mabaharia wa mtoni wanapotupa bildi. Maana yake ni alama ya pili, yaani pima mbili, kina cha maji kinachotosha chombo kupita. Watu wa visiwani wataifahamu vyema raha iliyomo katika mwito huo, maana aliyepata kupita na chombo kwenye kasa na maji kupwa anajua pima mbili ni neema ya kiasi gani.

Mwaka 1867 ilitangazwa safari ya aina ambayo Wamarekani walikuwa hawajaizoea. Meli Quaker City, iliyokuwa imetumika katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, ingewachukua watu wenye nafasi zao kutoka New York mpaka Ulaya, Uturuki, nchi takatifu na Misri, kisha iwarudishe. Hawakuwa wafanyabiashara wala wahamiaji, walikwenda kutazama tu. Nauli ilikuwa dola 1,250. Twain hakuwa na fedha hizo. Gazeti moja la San Francisco lilimlipia, kwa sharti kwamba awe analiletea barua za safari. Meli iling'oa nanga mwezi wa Juni na kurudi mwezi wa Novemba. Abiria wengi walikuwa watu wazima, wacha Mungu, wapenda dua za jioni, naye alikuwa kijana wa miaka 31, mvuta biri na mcheza karata. Kutokana na barua zake za gazetini kilitoka, mwaka 1869, kitabu The Innocents Abroad. Kiliuzwa na mawakala waliopita nyumba kwa nyumba, na katika mwaka wa kwanza zilikwenda nakala zaidi ya 70,000. Katika uhai wake wote hakuna kitabu chake kilichouzika kuliko hicho.

Kilipendwa kwa nini? Jawabu liko katika vituko vyenyewe. Kule Paris, Twain na wenzake waliajiri kiongozi wa kuwaonyesha mji. Jina lake halikuwapendeza masikioni, wakampachika jina la Ferguson. Waliomba kupelekwa kwenye jumba la Louvre. Yeye akawapeleka kwenye duka la hariri, kisha la pili, kisha la tatu, kwani kila duka lilikuwa na ujira wake wa siri. Tangu siku hiyo, viongozi wote waliofuata, Wataliana na Waturuki na Waarabu, waliitwa Ferguson, wapende wasipende. Msomaji wa Unguja hahitaji maelezo marefu hapa. Anawajua mapapasi wa Mji Mkongwe, na anajua pia kwamba duka la vinyago analopelekwa mgeni haliwi lile lililo karibu.

Waliporudishwa nyuma na ujanja wa viongozi, wasafiri hao walitafuta silaha, na silaha yao ikawa upumbavu wa makusudi. Mjini Genoa kiongozi aliwatolea kwa heshima waraka ulioandikwa kwa mkono wa Christopher Columbus mwenyewe, akangoja washangae. Wao wakakosoa hati, wakasema kwamba kwao hata watoto huandika vizuri zaidi. Akawapeleka mbele ya sanamu ya Columbus, nao wakamwuliza kwa utulivu kama bwana huyo amekwisha kufa. Kicheko hapa kina ncha mbili. Kinamchoma kiongozi aliyehifadhi mshangao wake kama mtu anayehifadhi bidhaa. Na kinawachoma Wamarekani wenyewe, kwa sababu upumbavu wanaouigiza hauko mbali na upumbavu walio nao kweli.

Ncha hii ya pili ndiyo inayokiokoa kitabu. Twain hakuwasaza mahujaji wenzake. Aliwaonyesha wakiwa na nyundo mikononi, wakibandua vipande vya makaburi na mahekalu ili wawe na cha kuonyesha nyumbani. Kule Misri aliyaeleza kwa maneno mazito macho ya Abul-Hol, yule simba wa jiwe mwenye uso wa mtu, jinsi yanavyotazama kupita wakati. Na papo hapo ikasikika nyundo, mmoja wao ameshapanda anachonga taya lake. Penye ziwa la Galilaya aliwaeleza walivyoungua kwa hamu ya kusafiri juu ya maji yale matakatifu, hamu waliyokuja nayo kutoka ng'ambo ya bahari. Chombo kikaja, mwenyewe akataja bei iliyolingana na dola nane, wakashindania nusu yake. Mwenye chombo akageuza tanga akaenda zake, wao wakabaki ufukweni wakilaumiana. Imani yao ilikuwa ya kweli, na ubahili wao ulikuwa wa kweli vile vile. Msomaji huwacheka kwa kuwa anajua hata yeye ana vyote viwili.

Ni vyema pia kutazama pale ambapo mcheshi huyu ananyamaza. Meli ilipofika Piraeus iliwekwa karantini ya siku 11, na aliyekamatwa akishuka alikuwa na adhabu kali. Twain na wenzake watatu wakajiiba usiku, wakakata njia kwenye mashamba ya mizabibu na kuchuma zabibu za watu, wakapanda mpaka ngome ya Athens na kuiona katika mbalamwezi. Njia yote ni mzaha wa wezi wa zabibu. Lakini walipofika juu, mzaha unakoma, na mji uliolala chini yao unaelezwa kwa ukurasa ambao hakuna mtu anayeucheka. Msomaji anauamini ukurasa ule kwa sababu mtu huyu hakumsifia kila jiwe tangu alipoondoka kwao.

Hata hivyo si haki kukisifu kitabu hiki bila ya kukitia kasoro, na kasoro yenyewe inawahusu zaidi wasomaji Waislamu. Twain alipovuka kwenda Tangier, Istanbul, Dameski na vijiji vya Palestina, kicheko chake kilibadilika. Kule Ulaya alikuwa akijicheka yeye mbele ya watu waliomzidi elimu na majumba. Huku Mashariki hakujiona kuwa amezidiwa na mtu. Aliandika juu ya uchafu, macho ya wagonjwa na ombaomba, akaita hayo ndiyo nchi yenyewe, na watu aliowaeleza hawakupewa nafasi hata moja ya kumjibu. Mfaransa aliyempeleka kwenye maduka ya hariri ana akili na hila, ana jina hata kama ni la kupachikwa. Mwarabu wa kijijini ni kundi tu. Kurasa hizo zimezeeka vibaya kuliko nyingine zote, na hazichekeshi tena.

Hapa ndipo mila ya watu wa Afrika Mashariki inapoweza kutoa kipimo. Utani baina ya makabila ulistawi, pamoja na mambo mengine, katika njia za misafara, pale Mnyamwezi aliyeteremka na mzigo alipokutana na Mzaramo na watu wengine wa njiani. Mtani ana ruhusa ya kukuambia la kuudhi, kukunyang'anya chakula, hata kukufanyia masihara msibani. Lakini utani una sheria zake. Aliyetaniwa leo atatania kesho, na mtani huyo huyo mwenye kejeli ndiye ajaye kukuzika. Ulimi wake una deni kwako. Ukimtania mtu asiyeweza kukujibu, wala wewe huna wajibu wowote kwake, hilo haliitwi utani; lina jina jingine. Kitabu cha safari cha kuchekesha kikipimwa kwa kipimo hicho, thamani yake haijulikani kwa wingi wa vicheko. Hujulikana kwa swali moja: je, mwenyeji naye anapata zamu yake?

Twain mwenyewe alilifikia swali hilo akiwa mtu mzima, na kwa njia ya msiba. Mwaka 1894 kampuni yake ya kuchapisha vitabu ilifilisika, na fedha nyingi zilikuwa zimemezwa na mtambo wa kupanga herufi usiofanikiwa. Sheria ingemruhusu kulipa sehemu tu. Aliamua kulipa yote. Mwaka 1895, akikaribia miaka 60, alitoka na mkewe Olivia na binti yake Clara kuzunguka dunia akihutubia kwa kiingilio: Australia, New Zealand, Ceylon, Bara Hindi, Mauritius, kisha kupitia ghuba ya Delagoa katika Msumbiji mpaka Afrika ya Kusini mwaka 1896. Baada ya kufika Uingereza ikamjia habari kwamba Susy, binti yake aliyebaki Marekani, amekufa. Katika majonzi hayo ndimo alimoandikia Following the Equator, kilichotoka mwaka 1897. Mwaka 1898 alimaliza madeni.

Kitabu hicho kina mzaha bado, lakini anayepigwa na mzaha ni mwingine. Mahali pamoja anaeleza hoteli ya Bombay, ambapo Mjerumani mmoja alikuja na watumishi wa Kihindi kurekebisha mlango. Mtumishi mmoja alikuwa amepiga magoti akifanya kazi yake. Mjerumani hakuridhika, na kabla ya kumwambia kosa lake akampiga kofi la taya. Mtumishi akalipokea kimya. Twain hakumcheka mtumishi, wala hakujidai kumtetea. Kofi lile lilimrudisha Missouri kwa miaka 50, katika utoto wake, akamkumbuka baba yake mzazi akimpiga mtumwa wa nyumbani kwa makosa madogo. Na akakumbuka kwamba yeye, akiwa mtoto, aliliona jambo hilo kuwa la kawaida. Mtu aliyekwenda mwisho wa dunia kutafuta vichekesho vya wengine amekuta huko nyumba yake mwenyewe. Katika kitabu hicho hicho majina makubwa ya ustaarabu wa wakoloni yanawekwa karibu na matendo yao, na kejeli inatokana na ukaribu huo tu.

Silaha hiyo aliielekeza Kongo mwaka 1905, katika kijitabu ambamo Mfalme Leopold wa Ubelgiji anazungumza peke yake, akilalamika jinsi anavyoonewa. Katika malalamiko yake, shahidi anayemwudhi kuliko wote ni kamera ya wamisionari, kwa kuwa haihongeki. Mapato ya kijitabu yalikwenda kwa chama kilichopigania mageuzi ya Kongo, na mwaka 1908 Leopold aliivua mikono yake katika nchi ile. Hatuwezi kusema kicheko ndicho kilichomtoa. Wengi walipigana vita hivyo, na walioteseka walikuwa Wakongo wenyewe. Yatosha kusema kwamba mwandishi aliyeanza kwa kuwacheka ombaomba wa Palestina alimaliza kwa kumcheka mfalme.

Kwa sadfa, mwaka ule ule wa 1896, Twain alipokuwa katika Bahari ya Hindi, mtu wa upande huu alikuwa safarini kwenda upande wa pili. Selim bin Abakari aliandamana na bwana wake Mjerumani, Dk. Bumiller, mpaka Urusi na Siberia. Habari za safari hiyo alizisimulia kwa Kiswahili, nazo zilichapishwa mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa Carl Velten; Lyndon Harries akazitoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1965. Ukizisoma utamwona mtu mwenye jicho kali, anayepima treni, baridi, vyakula na mila za watu kwa kipimo cha pwani yake. Lakini ukitafuta kicheko cha wazi, hasa juu ya bwana wake, hukipati. Haistaajabishi. Twain alikuwa na gazeti lililomlipa aseme atakalo. Selim alikuwa na bwana aliyemlipia nauli na profesa aliyeishika kalamu ya mwisho. Naye Zahir bin Said, aliyeandika kwa Kiarabu safari ya Sayyid Barghash ya Uingereza ya mwaka 1875, alikuwa katibu wa sultani. Kitabu cha katibu hakiwezi kusema kwamba msafiri ni maskini.

Hivyo methali ilikuwepo, wasafiri walikuwepo, na ulimi wa utani ulikuwepo. Kilichokosekana ni uhuru wa kumcheka mwenye nguvu kwa maandishi. Kicheko cha watu wa pwani kwa wageni wao kilibaki mahali pengine, barazani na jahazini, katika majina ya utani na katika nyimbo. Wapelelezi na wamisionari wa Kizungu walipita Unguja kabla ya kwenda bara. Wengi wao wakaandika vitabu vizito juu ya walivyowaona wapagazi. Wapagazi walivyowaona wao kulisemwa usiku penye moto, kukapotea na asubuhi.

Tangu miaka ya 1980 watalii wamezidi kuja visiwani, na kila siku ya Mungu mgeni mmoja anauliza njia ya kurudi hotelini ilhali amesimama mlangoni pake. Vitabu vyao juu ya visiwa hivi vimejaa madukani. Kile cha upande wa pili hakijaandikwa, ingawa kila baraza ina sura zake tayari. Atakayekiandika itampasa aanze pale alipoanzia Horace na pale Twain alipokuwa bora: na tumbo lake mwenyewe, na siku ile alipokwenda ng'ambo kwa mara ya kwanza, akasimama mbele ya ngazi zinazotembea zenyewe, akavua viatu.